Dira Ndani ya Tope la Mkuyuni

Prudencia Kahigwa hujisifu bila kificho, na wala hakuna haja ya mtu kumwonea haya kwa niaba yake. Wapo waliolelewa kufanya jambo zuri kisha wakainamisha kichwa wakingoja wengine waseme. Yeye hakulelewa hivyo. Alizaliwa Kamachumu, kwa mkulima wa kahawa aliyezoea kuwaita majirani waje kutazama mkungu wa ndizi kabla haujakatwa, na binti akakua akijua kwamba kitu kizuri huonyeshwa. Alipoolewa na Luhende, fundi wa kuchomelea mageti pale Igoma, Wasukuma wa upande wa mume walipata mtu wa kumtania. Kwa kuwa watu wa kwao husifika kwa kupenda Kiingereza, walimwuliza kama kule hata mvua hunyesha kwa Kiingereza. Aliwajibu kwamba hunyesha, ila wao wasingeielewa.

Utani huo haukumwumiza. Kilichomwumiza ni kauli moja ya mama mkwe wake, Selina, mwanamke wa Magu ambaye kila alipoulizwa na jirani mke wa mwanawe anafanya kazi gani, alijibu kwa upole kabisa kwamba anaosha chupa za serikali.

Prudencia ni fundi sanifu wa maabara katika shule moja ya sekondari ya kata, huko huko Igoma. Chupa anaosha kweli, hilo hakatai. Lakini ndiye anayepima kemikali, anayeandaa mitihani ya vitendo, anayeitengeneza hadubini kila kioo chake kinapolegea. Maabara yenyewe ni chumba kimoja chini ya mabati, chenye meza za saruji na dirisha kubwa upande mmoja. Kwake chumba hicho ni kama shamba la baba yake. Ukiingia na viatu vyenye matope atakusema, hata uwe nani.

Humo ndimo alimoona jambo lake. Alikuwa amekwenda ufukweni mwa ziwa pale Mkuyuni, karibu na nyumbani kwake, kuchota maji na tope kwa ajili ya somo la viumbe wadogo, wanafunzi wakatazama wakaridhika, shule ikafungwa, na chupa moja ikasahaulika rafuni. Aliporudi baada ya likizo alitaka kuimwaga. Akaona si vibaya aitupie jicho kwanza. Akadondosha tone moja kwenye kioo, akaliweka chini ya hadubini.

Wadudu wa maji wanajulikana tabia yao. Mmoja anakwenda huku, mwingine anarudi kule, hawana safari moja. Lakini ndani ya tone lile kulikuwa na wadogo mno, vidoadoa tu, ambao wote walikuwa wanakwenda upande mmoja, upande wa dirisha, na kurundikana ukingoni. Prudencia akafikiri ni mwanga. Akafunika dirisha kwa kanga, akatumia tochi. Wakaendelea kwenda dirishani. Akakizungusha kioo nusu duara. Wakageuka, wakaenda dirishani. Akaibeba hadubini yote akaielekeza mlangoni, na wale wadogo hawakujali mlango wala nini, wakashika njia yao ile ile.

Akavuta kiti akaketi. Kisha akainuka akachukua dira ya somo la jiografia, akaiweka mezani, na sindano ikamwonyesha kwamba dirisha lile liko kusini kabisa. Rafuni kulikuwa na spika ya redio iliyokufa, na nyuma ya spika kuna sumaku nzito. Akaisogeza karibu na kioo. Kundi zima likasimama, likageuka, likafuata sumaku. Akaiondoa. Likarudi kusini.

Alicheka peke yake kwa sauti mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Baadaye, alipotafuta katika simu, alikuta kwamba wanasayansi wa nchi nyingine walikuwa wamewajua viumbe hao kwa miaka mingi. Alinuna kidogo, kwa sababu alikuwa ameshaanza kufikiria jina la kuwapa. Lakini aliposoma mbele furaha ilirudi mara mbili. Ni bakteria, na ndani ya mwili wa kila mmoja mna vipunje vya madini ya sumaku vilivyopangwa kama shanga katika uzi. Hiyo ndiyo dira yao, na wanaitengeneza wenyewe kwa chuma wanachokipata majini. Hawapendi hewa nyingi. Makao yao ni pale maji yanapoishia na tope kuanza, na dira huwasaidia wasipotee njia ya kurudi chini.

Kulikuwa na jambo moja tu lililomkosesha raha. Maandishi yalisema kwamba wanaogelea kuelekea kaskazini. Wa kwake walikwenda kusini. Alirudia majaribio yake yote akiamini amekosea mahali, na jibu likawa lile lile. Ikabidi asome zaidi ndipo akaelewa. Dunia yenyewe ni sumaku, na mvuto wake haulali sawasawa na ardhi, umeinama. Kule Ulaya ukiufuata kuelekea kaskazini unakupeleka chini. Huku kwetu unaokupeleka chini ni wa kusini. Waliozaliwa kule wanakwenda kaskazini na waliozaliwa huku wanakwenda kusini, na wote wanafika nyumbani.

"Wa kwetu hawakuiga mtu," alimwambia Luhende jioni hiyo. "Wanajua wako wapi."

"Na wewe umewasifu mpaka wataota mapembe," Luhende alisema, lakini kesho yake alimkatia kipande cha chuma cha kuishikia ile spika isiyumbe.

Basi mambo yangekuwa mazuri tu kama shule isingejaa. Wanafunzi wa kidato cha kwanza walikuwa wengi kuliko madarasa, wengine wakisomea katika ukumbi wa kulia chakula, na mkuu wa shule, Mwalimu Mashimba, alikuwa ametafuta chumba kila mahali. Hakuwa mtu mbaya. Katika kikao cha walimu alisema wazi kwamba maabara inatumika siku chache tu, kwa hiyo anafikiria kuifanya darasa na vifaa vifungiwe stoo mpaka hapo itakapojengwa nyingine. Mkutano wa wazazi ungeamua.

Kila mtu anayeijua shule ya kata anajua maana ya "mpaka hapo itakapojengwa nyingine". Prudencia aliona chumba chake kimekwenda. Akasimama.

"Mkuu, naomba wazazi waingie maabara kabla hawajapiga kura," alisema. "Nitawaonyesha viumbe wa ziwa hili hili wanaotembea kwa dira. Wakiona na bado wakataka darasa, nitabeba vifaa mwenyewe nivipeleke stoo."

Walimu wakatazamana. Mashimba alikuna kidevu.

"Madam, wazazi wakiona maabara ina kazi, mimi sina neno," alijibu. "Wasipoona kitu, chumba ni cha kidato cha kwanza. Tumeelewana?"

Walielewana. Prudencia alirudi nyumbani Mkuyuni akiwa ameshajipiga kifua mbele ya watu, na sasa ilibaki kazi.

Bakteria hao hawataki joto wala kusumbuliwa. Ukichota tope leo utawapata wachache tu. Inabidi uliache chupani majuma kadhaa, mahali pa kivuli, bila kulitikisa, ndipo wanapozaliana. Chupa ya kwanza ilinusurika rafuni kwa kuwa likizo ile ilikuwa ya mvua; sasa jua lilikuwa kali, na chini ya mabati ya maabara wangekufa kwa joto, ndiyo maana alizipanga chupa zake katika kona ya stoo nyumbani, tatu ndogo na moja kubwa pana yenye tope la kina cha kiganja. Kila baada ya muda alichukua tone akalipeleka shuleni. Idadi ilipanda. Alimwonyesha binti yake Gladness, aliyekuwa kidato cha pili shule hiyo hiyo, na Gladness akawaleta wenzake, nao wakawaita wenzao.

Mkutano ulipokaribia, Selina akaja kutoka Magu na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na kuku wawili. Alikuja kumwona mjukuu, na kwa kuwa Luhende alikuwa na kazi ya mageti isiyoahirishika, ikakubaliwa kwamba bibi ndiye atakayekwenda kwenye mkutano kama mzazi.

Siku ya pili ya ugeni huo Prudencia alirudi kutoka kazini akamkuta mama mkwe amekaa uani anachambua dagaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mama Gladness. Pole na kazi. Na yale maji yako ya stoo nimeyashughulikia."

Prudencia alisimama palepale na mkoba begani. "Umeyashughulikiaje, mama?"

"Maji ya ziwa unayaweka ndani hivi hivi, na mtoto yumo? Ya zile chupa tatu ndogo yalikuwa yananuka, nimemwaga. Ya ile kubwa nimeyatia dawa ya maji, nikayakoroga vizuri na mwiko. Nimetia ya kutosha."

Dawa ya maji ni klorini, na hakuna mama wa kando ya ziwa asiyeijua. Kwa Selina haikuwa dawa tu. Miaka ile ya kipindupindu alimzika binti yake wa kwanza, dada yake Luhende, akiwa bado hajaanza shule. Tangu hapo maji ya ziwa hayajawahi kulala nyumbani mwa Selina bila dawa, na hata akienda ugenini hubeba kichupa chake ndani ya kitenge. Hakuna aliyewahi kumwuliza.

"Ahsante mama," Prudencia alisema.

Aliingia stoo, akafunga mlango, akalia. Alilia kwa hasira, kisha akalia kwa aibu ya ile hasira. Aliona jinsi atakavyosimama mbele ya wazazi na tone la maji matupu, jinsi Mashimba atakavyotazama pembeni kwa kumhurumia, na huruma hiyo ndiyo iliyomkata zaidi.

Luhende aliporudi na kusikia, alianza kucheka, akauona uso wa mkewe, akaacha. "Nitamwambia mama," alisema.

"Usimwambie neno. Mtu aliyezika mtoto kwa sababu ya maji, utamwambia nini kuhusu dawa ya maji?"

Asubuhi aliwahi ufukweni akachota tope jipya, lakini alijua halitafaa kwa wakati. Aliporudi aliitazama ile chupa kubwa. Mwiko ulikuwa umeyavuruga maji yote, na sasa yalikuwa yametulia, tope limelala chini tena. Alichukua tone la juu akalipeleka shuleni. Hakuna kilichotembea. Kesho yake akachukua jingine, nalo likawa kimya.

Mtu mwingine angeimwaga. Prudencia alikaa akafikiri, kwa sababu kufikiri ni kazi yake. Mabwana afya wanapopita nyumba kwa nyumba husema chuja maji kwanza ndipo utie dawa, maana dawa ikikutana na uchafu hujimaliza kwenye uchafu na haibaki na nguvu. Akajiuliza, katika chupa ile kulikuwa na uchafu kiasi gani? Kiganja kizima. Dawa ya mama mkwe, hata iwe ya kutosha namna gani, ingepiganaje na tope lote lile mpaka chini? Labda waliokuwa juu walikufa. Labda wa chini walibaki. Labda. Hakumwambia mtu, maana kwa mara ya kwanza hakuwa na uhakika wa kujisifia.

Siku ya mkutano aliibeba chupa mwenyewe mapajani, ndani ya daladala, mpaka Igoma, akaiweka mezani maabara, na akaifunga ile spika chini kabisa, usawa wa tope, siyo juu alikozoea. Halafu akaiacha. Kwa bahati njema hotuba za mikutano ya wazazi hazijawahi kuwa fupi. Mwenyekiti wa bodi, Mzee Yakobo, mstaafu wa reli, alisoma taarifa yote, akarudia sehemu aliyodhani haikusikika, na Prudencia alimshukuru Mungu kwa kila ukurasa.

Sauti za watu zilipoanza kusikika kwenye veranda, alizamisha kibomba cha kuvutia maji mpaka kwenye ngozi ya tope, mbele ya sumaku, akavuta tone. Akaliweka. Akainama.

Mwanzoni hakuona kitu. Alirekebisha kioo cha mwanga. Kidoadoa kimoja kilipita, peke yake, polepole, kikaelekea dirishani. Kikafuata kingine. Kisha vikawa vingi, vikija kutoka kila upande wa tone kwenda kusini, mpaka ukingo wa tone ukawa mzito.

Prudencia alijifuta macho, akafungua mlango.

"Karibuni wazazi," alisema. "Futeni viatu."

Mzee Yakobo aliinama wa kwanza. Alitazama kwa muda mrefu. Prudencia akamweka mkononi sumaku ndogo ya shule akamwambia aisogeze. Mzee akaisogeza, akashtuka, akaigeuza upande wa pili, akashtuka tena.

"Wananitii," alisema, akaanza kucheka kama kijana.

Nyuma yake alikuwepo Justa, muuza mitumba wa soko la Mkuyuni, mwanamke asiyepoteza muda. Alitazama, akainua kichwa. "Nimeona. Sasa faida yake nini, Madam? Tunakula nini hapo?"

Prudencia alikuwa anasubiri swali hilo tangu siku ya kanga dirishani. Akawaeleza kwamba vile vipunje vya sumaku ni vidogo na vimelingana kuliko vinavyotengenezwa na viwanda vingi. Kwamba kuna madaktari wanaojaribu kuwabebesha bakteria hawa dawa ya saratani, wawaongoze kwa sumaku mpaka kwenye uvimbe wenyewe, dawa isizunguke mwili mzima ikimchosha mgonjwa. Wamejaribu kwa panya, bado hawajafika kwa watu, na yeye hatawadanganya kwamba wamefika. Wengine wanapima kama wanaweza kunasa metali zenye sumu katika maji machafu, halafu wakavutwa wote kwa sumaku na sumu yao. "Na sisi hapa tunajua maji ya machimbo ya dhahabu yana nini," alisema. "Wataalamu wa kazi hiyo watatoka mahali fulani. Mimi nasema wengine watoke kwenye meza hii. Hawa wa ziwani kwetu wanakwenda kusini. Wa Ulaya wanakwenda kaskazini. Atakayewasoma wa kwetu ni nani kama si watoto wetu?"

Hapo akajisogeza pembeni, maana aliona Selina amefika mbele ya hadubini.

Bibi alikunja kitenge chake vizuri, akainama, akafumba jicho moja kama Gladness alivyomwelekeza. Alikaa hivyo mpaka wa nyuma wakaanza kuguna. Kisha akageuka akaitazama chupa iliyokuwa mezani, akaitambua.

"Mama Gladness. Maji haya si yale ya stoo?"

"Ndiyo, mama."

"Niliyotia dawa."

Prudencia alitafuta uongo mzuri na hakuupata. "Ndiyo, mama. Lakini walikuwa chini. Tope liliwakinga."

Selina aliitazama ile chupa, na uso wake ukawa mzito, na wale wanaomjua waliona kwamba ameelewa yote, hata jinsi mkwe wake alivyosema ahsante siku ile. Aliweka mkono begani kwa Prudencia akauacha hapo. Halafu akawageukia wazazi.

"Hawa nimewatia dawa ya kipindupindu kwa mkono wangu huu," alisema, "na nikawakoroga na mwiko. Mnawaona hawajafa. Huyu akanipa ahsante, hakunikaripia. Anayetaka kuwatoa humu leo, aanze na mimi."

Watu waliangua kicheko, na foleni ikasogea. Mwalimu Mashimba alitangaza mara mbili kwamba sasa warudi ukumbini kwa ajenda ya kura. Waliokuwa wamekwisha kutazama walikuwa wanataka kutazama tena, na wale wa nje walikataa katakata kuondoka kabla ya zamu yao. Selina alisimama mlangoni akiwapanga na kuwakumbusha viatu. Mwishowe mkuu wa shule mwenyewe akashika foleni. Zamu yake ilipofika aliigeuza sumaku huku na huku mara nyingi kuliko wote, akamwambia Prudencia, taratibu, kwamba kidato cha kwanza watatafutiwa pengine. Mzee Yakobo akakumbusha kwamba lipo boma la darasa lililosimama nyuma ya vyoo bila paa, na kwamba wazazi wale wale wenye mikono ya kushika sumaku wana mikono ya kushika bati. Waligawana kazi palepale, wamesimama. Kura haikupigwa.

Jioni, nyumbani Mkuyuni, Selina aliketi barazani na chupa kubwa miguuni pake. Alikuwa amewakataza watoto wa jirani kuisogelea. Mama mmoja aliyepita akitoka sokoni akasimama akauliza ile ni nini.

"Mifugo ya mkwe wangu," Selina alisema. "Wanakwenda anakotaka."

Jirani akainama akachungulia tope, akauliza wapo wangapi. Prudencia, aliyekuwa anamenya ndizi karibu na mlango, akafungua mdomo atoe hesabu, maana hajawahi kuacha nafasi kama hiyo impite.

Selina akamwahi. Kwao Usukumani, alisema, mwenye mifugo mingi haulizwi idadi, na akaisogeza chupa karibu zaidi na mguu wake.